Wimbo Mpya wa Banda

Ugonjwa ulipoingia bandani, Mama Madoa, kuku mwenye vifaranga, alisema wazi: “Jamani, mwanangu anakohoa. Tusilale tumebanana.”

Majogoo vijana wakamjia juu. Kiongozi wao, Kishungi, akafoka: “Shangazi, umetumwa na bata wa jirani! Hapa hakuna mgonjwa. Hili ndilo banda bora duniani!”

“Umeyaona mabanda mangapi, baba?”

“Hili!”

Wakajipanga bawa kwa bawa wawike sifa za banda mpaka bata wasikie. Kishungi akatunisha kifua, akapanua mdomo, na kikatoka kikohozi kirefu kilichomtoa machozi.

Nani angethubutu kusema kiongozi anaumwa, aitwe msaliti? Jogoo wa pili naye akakohoa, akafuata wa tatu, mpaka wote wakawa wanakohoa kwa fahari.

“Vipi huko, mnaumwa?” bata mmoja akauliza kutoka upande wa pili wa ua.

“Huu ni wimbo wetu mpya!”

Mama Madoa alikuwa ameshawatoa wanawe nje. Yule kifaranga mgonjwa akageuka nyuma. “Mama, na mimi nikaimbe?”

“Wewe umeimba vya kutosha. Twende kwa bata tukaombe dawa.”