Juu Kwanza, Chini Kwanza

Kwenye kompyuta, mbuzi alitembea sawasawa. Kwenye televisheni, mbuzi yule yule alitetemeka kana kwamba ameona fisi.

Ireri aliirudisha diski nyuma, akaicheza tena. Si mbuzi peke yake. Wazee waliomfuata walitetemeka, akina mama waliobeba viondo walitetemeka, hata pasta aliyeinua mkono kuomba aliuinua kwa kurukaruka. Kabla ya jua kutua alitakiwa awe Siakago na diski inayotazamika, la sivyo Jumamosi hakuna harusi.

Na harusi yenyewe ilikuwa yake. Miaka yote alikuwa akihariri video za wengine katika chumba chake mtaa wa Dallas, mjini Embu. Safari hii mteja alikuwa yeye mwenyewe. Siku ya kupeleka mahari, cucu Rwamba, nyanya aliyemlea bibi harusi, Purity, tangu utotoni, hakuweza kufika kwa sababu ya nyonga iliyovunjika. Alituma neno kwamba habariki kitu mpaka amwone mjukuu wake akimkabidhi baba yake kikombe cha uji. Kwao, msichana akiuonja uji na kumpa baba, amekubali mume. Mzee mwenyewe alikuwa ameshakipokea kikombe hicho, lakini hakuna mtu katika ukoo ule aliyethubutu kumruka cucu.

"Mdomo husema ulichofundishwa," alimwambia Ireri kwa simu. "Mimi nataka kuuona mkono."

Kuonyeshwa kwenye simu alikataa; simu ni ya kuongea, alisema. Kwake Siakago alikuwa na televisheni yake kuukuu, ile ya mgongo mkubwa, na mashine ya diski juu yake. Ndiyo maana Ireri aliazima nyingine kama hiyo kwa jirani, ajaribu kwanza asije akaaibika mbele ya wakwe.

Purity alikuwa amempigia asubuhi. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini Purity siku zote alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hilo lilimpendeza sana Ireri.

"Hiyo ya kikombe ni lazima uweke?" aliuliza.

"Si ndiyo hiyo cucu anangoja?"

"Sawa. Kama ni lazima."

Haya za bibi harusi, Ireri alijiambia akitabasamu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na cucu angeyaona kwa macho yake.

Sasa alimpigia Kobia, mpiga picha wa Majengo kule Meru, aliyezichukua picha zile. Kobia alianza kwa kucheka.

"Wewe umetumia settings za ile kamera ya kanda. Hiyo ilikuwa lower first. Hii yangu mpya ni upper first, bro."

Ireri alijipiga kofi kwenye paji la uso. Kwa mazoea tu alikuwa amefungua mradi wa zamani na kumwaga picha mpya humo. Kwenye televisheni za zamani kila picha hugawanywa mara mbili, mistari ya juu na mistari ya chini, nayo huonyeshwa kwa zamu. Ukikosea ipi itangulie, kila kinachosogea hupiga hatua mbele kisha hurudi nusu nyuma. Kompyuta huificha aibu hiyo. Televisheni ya cucu haifichi kitu.

Diski ile aliiandika "Chini" kwa kalamu ya wino mzito, akaisukuma kando. Akafungua mradi mpya, akachagua juu kwanza, akangoja huku akiuma kucha, na diski mpya ilipotoka akaiandika "Juu".

Mbuzi alitembea. Alitembea vizuri, mbuzi mwenye shughuli zake. Wazee walipita kwa heshima yao, mkono wa pasta ukapanda taratibu mpaka juu, na Ireri akacheka peke yake kwa furaha.

Kisha ikafika zamu ya kikombe. Purity alipiga magoti, akaonja uji, akakinyoosha kikombe kwa baba yake.

Kikombe kilitetemeka.

Alirudisha nyuma. Kikatetemeka tena. Alimpigia Kobia akalalamika kwamba hiyo juu kwanza yake nayo imekataa, kikombe kinarukaruka. Kobia alifikiri kidogo.

"Na mkono wa mzee je? Nao unaruka?"

Ireri alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mkono wa mzee ulikuja kupokea, nao ulikuja umetulia. Nyuma yao majani ya mgomba yalipepea polepole. Kwenye gauni jeupe la Purity, karibu na kiganja, palikuwa na tone la uji, kisha matone mawili, kisha doa.

"Bro, uko?" Kobia aliuliza.

Ireri alikata simu. Alikaa muda mrefu mbele ya meza yenye diski zake mbili, kisha akachukua moja, akaifunga kwenye gazeti, akatoka kuwasha pikipiki.

Jioni ile, huko Siakago, cucu Rwamba alivutiwa kiti karibu na kioo. Alimtazama mbuzi, akawatazama wazee na pasta, akamtazama mjukuu wake na kikombe mkononi, akakunja uso.

"Mbona watu wote wanatetemeka?"

"Ni mitambo tu, cucu," Ireri akamwambia.