Faili Linasema Wazi

Geti la tatu la bwawa lilianza kufunguka lenyewe.

Opereta alidhani macho yanamdanganya. Kaka yake, waliyefanya naye kazi, alikuwa ametoka humo kwenye chumba cha mitambo sasa hivi tu. Alilifunga geti kwa kitufe, akavaa buti, akashuka kwenye handaki kuondoa magogo yaliyoziba chujio.

"Usiniogeshe, mdogo wangu," alimtania akiwa mlangoni. "Nimeshaoga asubuhi."

Maji ya geti la tatu hupita kwenye handaki hilo hilo.

Opereta alibonyeza kitufe. Geti likafungika. Akashusha pumzi. Likaanza kufunguka tena.

Hapo ndipo alipoelewa. Programu za bwawa huendeshwa ndani ya makontena, vile vifurushi vya programu kwenye kompyuta, na makontena hufuata faili la mipangilio, si kidole cha mtu. Faili likisema geti liwe wazi, utafunga weee, mfumo utalifungua. Tangu zile mvua kubwa faili lilikuwa linasema wazi, na kaka, kwa haraka zake, alifunga kwa mkono bila kuligusa.

Simu haishiki mle handakini. Kwa miguu, mlango wake uko ng'ambo ya pili ya bwawa. Alibonyeza tena na tena, hadi kitufe kikafifia na kugoma kabisa.

Akalifungua faili. Akafuta "wazi", akaandika "limefungwa", akatuma. Likakataliwa. Mstari ulikuwa umesogea kidogo kulia, na faili la namna hiyo lina deko: nafasi moja ikizidi, lote halisomeki.

"Jamani, si leo," alinong'ona. Akazifuata nafasi kwa ncha ya kalamu juu ya kioo cha kompyuta, akarekebisha, akatuma upya.

Likapokelewa. Nusura alie kwa furaha. Ilibaki idhini tu, maana pale hakuna badiliko linaloingia kazini bila mtu wa pili kulikubali, na hilo halikumtia wasiwasi. Mkuu wa mifumo, waliyembatiza Miwani, huidhinisha kabla hujatoa mkono kwenye kibodi.

Kioo kiliandika: inasubiri idhini.

Alingoja. Geti lilikuwa limefika robo. Sakafu ilianza kutetema, na kikombe cha chai kikawa kinasogea taratibu juu ya meza.

"Idhinisha, mzee. Idhinisha, nakuomba."

Geti likafika nusu. Akampigia. Simu iliita, ikaita, hatimaye Miwani akapokea, nyuma yake watoto wakicheka.

"Bosi, idhinisha ombi langu! Sasa hivi! Geti la tatu linafunguka na kaka yuko kazini!"

"Ombi gani? Kwangu halijafika."

"Litakosaje kufika? Si yote huja kwako?"

"Ah, kumbe hawakukwambia? Nimeanza likizo leo, mfumo umeshanitoa. Idhini zote nimemkabidhi kaka yako. Mwambie aangalie simu yake, abonyeze tu."