Kitabu cha Mchezo Kinasema Kapona

Tangu serikali igeuze kanuni za mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa kurusha kete kuwa sheria ya nchi, aliyelala usiku mzima huhesabiwa amepona. Mwanakheri alikuwa akiicheka mpaka mumewe, Shomari, alipovunjika mguu kiwandani.

Kesho yake asubuhi mkaguzi wa serikali akabisha hodi, kitabu cha kanuni kwapani. "Shemeji, mgonjwa kalala?"

"Kalala. Na mguu wake kalala nao, umevimba kama boga."

"Basi kapona. Arudi kazini."

"Hivi aliyeandika hiyo kanuni aliwahi kujikwaa hata kidole, au alikuwa mezani anatafuna karanga tu?"

Mwanakheri akageuka amzuie mumewe asijisumbue kuinuka. Shomari alikwisha kusimama, jasho likimtiririka, anafunga vifungo vya shati.

"Acha ubishi, mke wangu," alisema. "Mbona siumwi."