Pamba za Digidigi

Siku Fisi alipowaalika wanyama ngomani, alipiga ngoma hadi ardhi ikatetemeka. Digidigi alicheza mpaka kwato zikawaka moto, ila masikioni alikuwa amejaza pamba.

"Mwenzetu, umekuja ngomani au matangani?" Pundamilia alimcheka, akizidi kuisogelea ngoma.

"Ngoma ni ya leo, ndugu yangu. Masikio ni ya kila siku."

Ngoma iliponyamaza, Digidigi alichomoa pamba, akamsikia Fisi akimnong'oneza Simba aliyejificha kichakani: "Tayari, hawasikii kitu. Anza na yule mnono mwenye milia."

Digidigi alipiga ukelele wa hatari. Wenzake, masikio yakiwavuma, walimtabasamia tu. Basi akatimua mbio, nao wote wakamfuata wakidhani ni mtindo mpya wa kucheza.

Hadi leo Pundamilia huapa kwamba mtindo ule wa mwisho ndio uliokuwa mtamu kuliko yote.