Tone la Sikioni

Jumatatu asubuhi Mbwa alikataa kula. Yangeyange, bingwa wa kudonoa kupe, alimkagua mwili mzima, akapata kupe mmoja, akammeza.

“Umepona, bwana. Simama.”

Jumanne Mbwa alikojoa mkojo mwekundu. Mbu akamjia. “Kaka, kupe katoka, lakini alichokiacha kimo ndani ya damu. Nipe tone moja la sikioni nionje, nikwambie ugonjwa.”

“Wewe mnyonya damu, umekuwa tabibu lini? Toka hapa!”

Jumatano fizi za Mbwa zilikuwa nyeupe. Alimwita Mbu mwenyewe, akamlazia sikio. Mbu alichoma, akavuta, akavuta tena.

“Kaka, umechelewa kuniita. Hapa yamebaki maji.”

Alhamisi saa mbili asubuhi Yangeyange aliikagua maiti. Hakupata kupe hata mmoja.