Kitambaa Chekundu

Siku ya kuadhimisha miaka arobaini tangu garimoshi alilokuwa akiliendesha livunje rekodi ya mwendo, Mzee Semboja alivishwa shada la maua mbele ya mji mzima. Bibi mmoja akamshika mkono.

"Baba, siku ile nilikuwa kituo kidogo, nimembeba mwanangu mgonjwa. Nilipunga kitambaa chekundu usimame utupeleke hospitali, ukapita kama upepo! Mtoto alicheka, akakupigia makofi. Sikumsikia akicheka tena. Nimekuja kukushukuru."

Shada likamwasha shingoni. Kitambaa kile alikiona vizuri sana, akapiga honi badala ya kushika breki.

"Mzee, tupigie honi kama siku ile!" watu wakapaza sauti.

Akapanda garimoshi lake la zamani lililoegeshwa pale, akashika kamba ya honi. Chini, yule bibi alikwisha kuinua mikono, anangoja kupiga makofi.