Mlevi wa Ijumaa

Ijumaa ya tatu mfululizo, Mukasine aliingia baa ya Silvère kwa mlango wa nyuma, kengele ya misa haijalia bado. Daphrose alimwona kwa macho yake, amesimama uani na beseni la matapishi ya mwanawe. Alisali Salamu Maria kumi, taratibu, na ndipo Mukasine akatoka. Kikapu kilikuwa kimefunikwa kitambaa, na kitako chake kilidondosha maji.

Bia ya baridi, aliwaza Daphrose. Tena siku ya kufunga.

Angekuwa mlevi mwingine, angemwachia Mungu. Lakini Mukasine, aliyekuwa akifua mashuka ya zahanati ya masista, alikuwa mmoja wa kundi la sala, na kundi lile lilikuwa likimwombea Raïssa, binti yake Daphrose.

Raïssa alikuwa na miaka mitano na kansa ya damu. Madaktari wa hospitali kubwa walisema achomwe sindano moja kila wiki, zote kumi na mbili, asiruke hata moja. Akiruka, ugonjwa utarudi na nguvu mpya. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita na dawa ile haikupatikana Kigali. Libère, kaka yake Daphrose, aliitafuta Bujumbura, akaileta mwenyewe, ameikumbatia ndani ya basi kama mtoto mchanga. Sista Winifred wa zahanati aliipokea, akasema ataitunza yeye, mama asiwe na wasiwasi.

Sindano tano zilikwisha kuingia. Nywele zilibaki kwenye mto. Na kwa kuwa kwao mtu hunyoa akifiwa, majirani waliomwona mtoto na upara wake walianza kutoa pole, na mmoja akaleta kuni za msiba. Daphrose alizipokea kuni, akapikia uji. Raïssa hakuutaka uji. Alitaka ndimu.

"Kichwa chako kama yai," dada yake Umulisa alimwambia.

"Na chako kama kiota cha kuku. Nipe ndimu."

Jumapili, baada ya misa, Daphrose alimvuta Mukasine kando ya ukuta wa kanisa, akamwuliza kwa upole anafuata nini kule kwa Silvère.

Mukasine alitazama viatu vyake. "Ni kazi, Mama Umulisa. Usiniulize zaidi, mkubwa wangu amenikataza kusema."

Mkubwa wa baa Daphrose alimjua, mwanamume asiye na mke na asiyeona kanisa hata Noeli. Basi alirudi nyumbani na dhambi mbili za mwenzake badala ya moja.

Jioni ile Raïssa alipata homa, fizi zikatoa damu. Daphrose alifuta damu, akabadilisha shuka, akafikiri. Wanawake tisa walikuwa wakipiga magoti kila siku kwa ajili ya mtoto huyu, na sala haipandi. Lakini itapandaje? Jiwe moja kwenye maharage linatosha kuvunja jino. Angeweza kumfukuza Mukasine kwenye kundi, lakini shimo likibaki wazi ataanguka mwingine. Dawa ya shimo ni kulifukia.

Jumatatu alikwenda kwa Bizimana, mkuu wa selire, mtu mwenye mamlaka juu ya mtaa na kila mlango uliomo. Akamweleza kwamba Silvère anauza pombe alfajiri, saa zilizokatazwa. Bizimana akataka shahidi. Daphrose akasema shahidi ni yeye. Mjane wa miaka minne, rozari mkononi, hajawahi kusema uongo hata kwa muuza mkaa. Bizimana hakuuliza tena. Mchana uleule alikuja na kufuli, akatangaza baa imefungwa wiki mbili.

Silvère hakubisha juu ya baa. Aliomba tu aachiwe chumba cha nyuma, maana mna vitu vya watu.

"Huko nyuma ndiko wanakonywea," alisema Daphrose, aliyekuwa amemfuata Bizimana. "Na umeme ukate, mkuu. Ukiwaachia taa, watapita dirishani."

Bizimana akakata.

Mafundi wa gereji ya jirani, waliokuwa wateja wa Silvère, walipita, wakatazama kufuli, wakasema hasara si kubwa. Tangu Pasaka alikuwa akiwapa bia ya moto tu, akidai friji imejaa. Wakahamia baa ya chini.

Jumanne homa ilishuka. Jumatano fizi zilikauka. Alhamisi Raïssa alikunywa uji kikombe kizima, akamwambia Umulisa kwamba hata yai huota manyoya likingoja. Daphrose aliwasha mshumaa mbele ya Bikira Maria, akamshukuru kwa kujibu upesi hivyo.

Ijumaa alimbeba Raïssa mgongoni, akapita mbele ya lile kufuli bila kugeuza shingo, akafika zahanati wa kwanza. Mukasine alikuwa ameketi kizingitini, kikapu tupu miguuni, analia. Daphrose aliona ni machozi ya toba. Akamshika bega, akamwambia kwamba Mungu hamkatai anayerudi.

Sista Winifred alitoka mikono mitupu.

"Mama Umulisa, nisamehe, nilikuficha. Friji yetu ilikufa Pasaka, nikaogopa utakataa dawa iliyolala katikati ya bia. Wewe Bizimana anakusikiliza. Kimbia umwombe afungue kwa Silvère, zile sindano saba huenda bado ni nzima, kama umeme aliuacha."